Karatasi, wano tupu au kulinganisha vyembe: ipi inafaa kurekebishia upinde wa kampaundi?

Mvutaugwe:
Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu. Upinde wangu ni wa kampaundi, yaani wenye makapi (magurudumu) kwenye ncha zake, una nguvu ya ratili 60, na mishale yangu ni ya kaboni. Nikitumia vyembe (ncha za mshale) vya mazoezi vyenye uzito wa greni 100, mishale yote kwa mita 30 hutua mahali panapoweza kufunikwa na kiganja. Nikifunga vyembe vipana vya kuwindia, visivyokunjika, vyenye uzito uleule, mishale inatua sentimita kumi na mbili kushoto, na chini kidogo. Nilisogeza kilengeo nikadhani nimemaliza, lakini kesho yake niliporudia vyembe vya mazoezi, navyo vikahamia kulia. Nasikia watu wakisifu kupiga kupitia karatasi, wengine wano (mti wa mshale) lisilo na manyoya, wengine kulinganisha aina mbili za vyembe moja kwa moja. Kwa tatizo langu, nianze na ipi?

Kapi_Mbili:
Kwanza rudisha kilengeo kilipokuwa, kwa sababu kilengeo hubadilisha mahali unapoelekeza mshale, hakibadilishi namna mshale unavyotoka kwenye ugwe (kamba ya upinde), na kosa lako liko huko kwenye kutoka. Mimi huanza na karatasi kwa kuwa ni ya haraka: unaitandaza kwenye fremu, unasimama kama mita mbili, unapiga, kisha unasoma mpasuko. Tundu moja lenye michaniko ya manyoya ikizunguka katikati ni dalili njema. Mkia ukiwa umepasua juu ya tundu la chembe, ama mahali pa kupachika mshale kwenye ugwe pako juu mno, ama kiegemeo, yaani pale mshale unapolala kwenye upinde, kiko chini mno. Kabla ya hayo yote, hakikisha kwamba kapi la juu na la chini yanafika mwisho wa mvuto kwa wakati mmoja, la sivyo utahangaika na kiegemeo bure.

WanoTupu:
Nakubaliana na Kapi_Mbili kuhusu makapi, ila karatasi inakuonyesha kipande kimoja tu cha safari ya mshale. Nimewahi kupata tundu safi kabisa kwa mita mbili, na kwa mita 20 wano lisilo na manyoya likatua shubiri nzima mbali na mengine. Manyoya ni mfichaji wa makosa; ukiyaondoa, mshale hauna wa kuunyoosha. Zungushia mkiani utepe wenye uzito sawa na wa manyoya uliyotoa, ili usibadilishe urari wa mshale, kisha piga wano hilo pamoja na mishale ya kawaida na ulinganishe yanapotua. Angalizo moja lisilo na mjadala: wano tupu hupigwa kwa chembe cha mazoezi pekee. Chembe kipana bila manyoya kinaweza kwenda popote.

MzeePodo:
Vijana, mmesema vyema, lakini ndugu yetu ameshajijibu bila kujua. Ana vyembe vya aina mbili, vinatua mahali pawili, na umbali kati yake ndio kipimo chenyewe. Blaidi za chembe kipana ni mabawa yaliyofungwa mbele ya mshale: mshale ukitoka umepinda hata kidogo, hushika upepo na kuvutana na manyoya ya nyuma. Ndiyo maana mimi karatasi huitumia asubuhi ya kwanza tu, kisha naiweka kando.

Kanuni ni kusogeza kiegemeo kuelekea vilikotua vyembe vya mazoezi. Vyako vipana vimekwenda kushoto na chini. Basi kiegemeo kiende kulia, halafu kipandishwe juu. Shughulikia upande mmoja kwanza, usichanganye. Sogeza chini ya milimita moja, piga mishale mitatu ya kila aina, ndipo uamue. Makundi yote mawili yatahama, kwa hiyo usiogope ukiona vya mazoezi navyo vimeondoka katikati. Kilengeo utakigusa mwisho, yakishakutana.

NyoyaTatu:
Kwa nini taabu yote hiyo? Vyembe vya kukunjuka hufunga blaidi zake angani na huruka karibu sawa na vya mazoezi.

MzeePodo:
Ni kweli, ndugu yangu, ila blaidi hizo hukunjuka kwa kutumia sehemu ya nguvu ya mshale, na upinde wenye kosa unabaki na kosa lake. Kwa upinde wenye nguvu ndogo ningefikiri mara mbili.

WanoTupu:
Niongeze jambo moja. Ikiwa kiegemeo kimesogea sana hadi mshale unaonekana kwa macho kuwa hauko sambamba na ugwe, rudi nyuma. Huenda kapi limelala upande, na hilo hurekebishwa kwa kusokota mguu mmoja wa kebo yenye panda (iliyogawanyika miguu miwili mwishoni), kwa pinde zilizoundwa hivyo. Kazi hiyo inataka mashine ya kukandamizia upinde. Usijaribu kwa mikono. Pia kagua ukakamavu wa wano, kwani wano laini mno kwa ratili 60 halitanyooka kwa kiegemeo peke yake.

Mvutaugwe:
Nimerudi, wakuu. Nilirudisha kilengeo, nikapiga karatasi mara tatu, na mkia ukapasua juu kidogo. Niliposhusha mahali pa kupachika mshale, ule utofauti wa juu na chini ukaisha bila kugusa kiegemeo. Kisha nikakisogeza kulia mara nne kama alivyoelekeza Mzee, na sasa kwa mita 30 makundi mawili yameingiliana, isipokuwa mshale mmoja unaokwenda kando kila mara. Nimeuzungusha juu ya kiganja ukiwa umesimama kwa ncha, na chembe kinayumba. Nitakifungua nikague kama kimekaa sawa kwenye wano.

Kapi_Mbili:
Uandike namba mshale huo na usiuhesabu kwenye kundi mpaka uache kuyumba.