Mrejesho: Nilianza ushauri nasaha, hapa Bukavu

Mwaka jana niliuliza kama mtu wa miaka 34 anaweza kupona maneno aliyotupiwa utotoni, kwa kuwa baba yangu hakunipiga hata siku moja, ila aliniita mzigo mbele ya wageni, na nilipokosea aliacha kuitikia salamu yangu kwa wiki nzima. Nawashukuru sana mlionisihi nimtafute msaikolojia.

Sasa kila Alhamisi ninateremka kutoka Kadutu hadi Ibanda. Vikao vya kwanza nilinyamaza tu. Kilichonifungua ni kusikia kwamba kifungu cha 19 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinataja ukatili wa akili sambamba na ule wa mwili, maana nilikuwa nimeamini kwamba pasipo kovu hapana jeraha. Baadaye nilimwandikia baba barua ambayo sitaituma, nikaisoma kwa sauti mbele ya mshauri, nikalia hadi mikono ikatetemeka.

Bado sijamsamehe, na mshauri hanilazimishi. Lakini juzi binti yangu alimwaga maziwa, neno lile lile likanijia ulimini; nikalimeza, nikachukua kitambaa, tukapangusa pamoja.