Mrejesho: niliwapeleka wazee kula mjini Lubumbashi

Wiki mbili zilizopita niliwauliza niwapeleke wapi baba na mama kwa miaka 40 ya ndoa yao, na nibebe pesa ngapi. Wengi mlisema mtaa wa Golf, nikaenda huko. Asanteni.

Mahali ni pazuri kweli: vitambaa vyeupe mezani, mhudumu anafika kabla hujamwita. Mama aliipekua menyu yote, Kifaransa kitupu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Bukari hakuna?" (Ndio ugali wetu.) Ilikuwepo! Ila bonge lenyewe ngumi ya mtoto, kando ya samaki kapitene. Aliiagiza tena mara mbili. Baba na bia yake ya Simba baridi hakuwa na shida na mtu.

Kilichonitoa jasho ni bili. Bei za kwenye menyu hazikuwa na TVA (kodi ya ongezeko la thamani), kwa hiyo 16% ikajitokeza chini. Halafu noti yangu ya dola 50 ikakataliwa, eti imechanika ukingoni (mpasuko wenyewe hata ukucha haufiki). Mdogo wangu akanipitishia faranga chini ya meza ili wazee wasione.

Mama alikuwa ameona. Kwenye gari akasema tu, "Mwanangu, Pasaka tutapika nyumbani."