Msaada: Mke wangu kaandikiwa fiziotherapia ya sakafu ya nyonga, huko wanafanya nini hasa?

Baba_Wawili: Wakuu habari zenu. Mama watoto ana miezi minne tangu ajifungue kwa njia ya kawaida. Akipiga chafya au akinyanyua ndoo, mkojo unamchoropoka. Daktari hajampa dawa, kaandika fiziotherapia tu. Ni haya mazoezi ya kubana mkojo? Si anaweza kuyafanya nyumbani tukaokoa nauli?

FizioPwani: Mkuu, sakafu ya nyonga ni misuli iliyotandazwa kuanzia mfupa wa kinena hadi kifandugu. Ndiyo inayoshikilia kibofu, mfuko wa uzazi na mwisho wa utumbo mpana, na ndiyo inayofunga njia za haja. Mimba na kusukuma mtoto huivuta, wakati mwingine huichana. Presha ya tumbo ikipanda ghafla, misuli hiyo inachelewa kukaza, mkojo unatoka.

Kwa tatizo hilo mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu ndiyo tiba ya kwanza, angalau miezi 3, kabla ya kuzungumzia upasuaji. Siku ya kwanza ni maswali mengi: alichanika au aliongezwa njia, anakunywa nini, anaenda msalani mara ngapi. Anaweza kupewa karatasi ya siku 3 ya kuandika saa na kiasi cha mkojo. Kisha anapimwa kwa kidole chenye glavu na jeli ukeni, anaambiwa abane, aachie. Nguvu inapewa alama 0 hadi 5. Ana haki ya kuomba mhudumu mwanamke au kukataa kipimo hicho kabisa, na tiba itaendelea kwa njia nyingine.

Nauli msiionee uchungu. Baadhi ya wanaoanza wenyewe nyumbani wanasukuma chini badala ya kuvuta juu, na hapo tatizo linaweza kuongezeka.

Mama_Zoezi: Naongezea namna yenyewe. Alale chali, magoti ameyakunja. Afanye kama anazuia kujamba (samahani kwa lugha), kisha kama anazuia mkojo, avute kuelekea ndani na juu. Matako na mapaja yasikaze, pumzi isizuiwe. Ashikilie sekunde anazoweza, hata 3, aachie kabisa kwa muda uleule au zaidi. Mara 8, awamu 3 kwa siku, akipandisha taratibu hadi sekunde 10. Amalizie na mibano 10 ya haraka.

Achukue kioo kidogo aangalie ngozi iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Akibana inatakiwa iingie ndani. Ikitokeza nje, anasukuma.

Asifanye zoezi la kukata mkojo katikati kila anapoenda chooni, maana kibofu kinaweza kuzoea kubakiza mkojo. Na ndoo ya lita 20 ni kilo 20: aisogeze karibu na mwili, abane KWANZA, kisha anyanyue huku akitoa pumzi. Chafya vilevile, abane kabla haijatoka.

Kipara_Tanga: Kumbe! Kwa hiyo hii ni ya kina mama tu?

FizioPwani: Hapana. Mwanaume aliyetolewa tezi dume kwa sababu ya saratani huvuja mkojo, naye anafanya mazoezi hayohayo. Huelekezwa avute kama anayefupisha uume. Vizuri ayajue kabla ya upasuaji, aanze tena mpira wa mkojo ukishatolewa, siyo ukiwa bado ndani.

Halafu kuna kundi ambalo watu hawalijui: wenye misuli iliyokaza kupita kiasi. Mwanamke anayeumia wakati wa tendo, mwanaume mwenye maumivu ya kinena ya muda mrefu na vipimo havionyeshi bakteria, mtu anayekaa chooni nusu saa na choo hakitoki. Ukimwambia huyu abane, unamuumiza zaidi. Yeye anafundishwa KUACHIA: kuvuta pumzi hadi tumboni, kulainishwa misuli kwa mkono, wengine vitanuzi (vijiti laini vya kuzoesha uke kutanuka) vya kuanzia saizi ndogo. Kwa choo kigumu, kigoda chini ya miguu magoti yapande juu ya nyonga, aegemee mbele. Wenye choo cha kuchuchumaa tayari wako vizuri.

Kipimo cha siku ya kwanza ndicho kinachotenganisha makundi haya.

NesiBara: Nimeona PM za watu wanauza shabu na unga wa "kurudisha misuli". Shabu inakausha na kuunguza ngozi laini ya uke, misuli haiigusi. Pia tumbo lisifungwe kanga kwa nguvu mno, presha yote inaelekea chini.

Na asipunguze maji kwa kuogopa kuvuja. Mkojo mzito unakichokoza kibofu. Apunguze kahawa, chai kali na soda za kuongeza nguvu.

Baba_Wawili: Shukrani sana wakuu. Kuna dalili za kutusukuma hospitali haraka badala ya kusubiri hiyo klinike?

NesiBara: Zipo. Mkojo unaotiririka mchana na usiku bila kikohozi wala chafya, au kinyesi kupitia ukeni, hiyo ni fistula (tundu kati ya uke na kibofu au utumbo) hadi ithibitishwe vinginevyo. Inahitaji kushonwa, mazoezi peke yake hayaizibi. Hospitali ya CCBRT Dar wanaifanya kazi hiyo. Damu kwenye mkojo, homa na maumivu ya kiuno, kushindwa kukojoa kabisa, au ganzi kati ya mapaja, usisubiri hata kesho.

FizioPwani: Kwa klinike, anzia idara ya fiziotherapia ya hospitali ya rufaa iliyo karibu, au Muhimbili, au KCMC kama uko kaskazini. Piga simu kwanza, kwa sababu si kila fiziotherapisti amesomea nyonga. Uliza hivi: "Mna anayewaona kina mama wanaovuja mkojo, na anakuja siku gani?" Aende na kadi ya kliniki inayoonyesha alivyojifungua, na asiende msalani dakika chache kabla, huenda wakataka kupima mkojo uliobaki baada ya kukojoa.