Mwaka wa kwanza Mlimani: wikiendi mnatoka wapi hapa Dar bila kumaliza boom (hela ya mkopo wa chuo)?

Kijana wa Tukuyu
Habarini wakuu. Niko mwaka wa kwanza UDSM, kwetu Tukuyu mtu ukitaka kutembea unapanda mlima au unashuka mtoni hakuna anayekudai hata mia. Hapa tangu nifike ni darasani, maktaba, hosteli, nikitoka sana ni Mlimani City kuangalia vitu nisivyonunua, na hili joto ndo usiseme. Rumumeti wangu mmoja wa Bukoba, mwingine Mgogo wa Kongwa, wote bahari tunaisikia tu. Wenyeji tuambieni, mwanafunzi anaenda wapi akapate upepo na miti kwa hela ya kawaida? Kuogelea mtoni naweza, baharini bado.

Mtoto wa Kunduchi
Karibu sana mdogo wangu. Anzeni na kisiwa cha Mbudya. Mwenge pandeni gari za Tegeta, mshuke Mtongani, hapo chukueni bajaji mpaka pwani. Nendeni wengi maana boti mkikodi kikundi mnagawana. Kiingilio kipo kwa sababu Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu 1975, ila raia analipa kidogo kuliko mgeni, bebeni vitambulisho. Na maji ya kunywa ya kutosha. Samaki wa kukaanga wapo, ulizeni bei kabla hajaingia kwenye mafuta.

Mkiwa huko huko Kunduchi piteni kwenye magofu, watu wa Dar wengi hawajawahi kufika na inaniuma kweli. Kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo ya karne ya 18, kwenye nguzo walipachika bakuli za Kichina, sehemu nyingine kimebaki kishimo cha duara tu kwenye chokaa.

Sasa hili la kuogelea nisikilize vizuri. Mto hauna kupwa na kujaa, bahari inayo, mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti hapa kwetu inapita mita 3. Pale uliposimama maji kiunoni, baada ya masaa machache yanakuzidi kimo, na ukiwa umetembea mbali kwenye mwamba yanaweza kukuzunguka kwa nyuma hujui. Kabla hamjaingia muulizeni mvuvi yeyote maji yanajaa saa ngapi, atakwambia hapo hapo bila kushika simu. Kwenye boti kila mtu avae jaketi la kuokolea, nahodha akisema hayapo msipande, subirini boti nyingine. Miezi ya kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, upepo unapanda mchana, rudini mapema.

Dada wa Chang'ombe
Naongezea ya bei nafuu kabisa. Kivuko Magogoni kwenda Kigamboni kwa mguu ni 200, mnapanda juu mnakula upepo wa bandarini na meli zinapita pale pale, ng'ambo mnachukua daladala mpaka Mjimwema. Sie wasichana huwa tunaenda kwa kundi, na mmoja kwa zamu anabaki na mabegi na simu, msiache kitu kwenye mchanga hata dakika mbili. Jumapili jioni hela ikiwa imeisha Coco Beach hakuna kiingilio, mihogo ya kukaanga na pilipili, na pale ndo utaijua Dar, Wahindi wa Upanga na familia zao, vijana wa Tandale, Wakongo, kila mtu kakaa kwenye mawe anaangalia maji.

Mzee wa Miti
Kijana wa milimani bahari haitakutosha, nenda Pugu. Gari mpaka Gongo la Mboto, hapo unaunga ya Kisarawe. Msitu upo, bwawa la Minaki lipo, na mapango yaliyochimbwa kaolini yamejaa popo, ingieni na mwenyeji na tochi. Mwalimu Nyerere alifundisha shule ya hapo Pugu mpaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya siasa. Na treni ya umeme ya SGR tangu 2024 imetufungulia Morogoro, daraja la kawaida 13,000, chini ya masaa mawili uko mjini, ukiwahi treni ya alfajiri unapanda Uluguru mpaka Morningside na kulala unalala hosteli kwako.

Kijana wa Tukuyu
Asanteni sana, Mbudya kwanza, tayari tuko tisa. Mkuu wa Kunduchi, hakuna namna ya kukadiria maji mwenyewe kabla ya kutoka chuo?

Mtoto wa Kunduchi
Ipo. Siku za mwezi mchanga au mpevu, Dar maji yanajaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yanapwa kama saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Kwa hiyo siku ya bamvua saa 4 ni ya kutembea mwambani, viatu miguuni kwa ajili ya vile viumbe vyeusi vya miiba, na maji yakianza kurudi na nyie mnarudi. Bado mkifika muulizeni mvuvi.