Tupeane uzoefu: umefanya nini mtaro wa mtaani kwako usipeleke uchafu mtoni?

Wakuu, habari za jioni. Masika ndiyo hiyo inabisha hodi. Naishi Tandale, Dar es Salaam, jirani na Mto Ng'ombe, na kwa miaka mingi nilidhani mtaro wa mbele ya nyumba unapeleka maji mahali yanakosafishwa. Hakuna kitu kama hicho. Yanaingia Mto Ng'ombe, yanashuka Msimbazi, yanatokea baharini pale daraja la Salenda, na kila tulichotupa kimo humohumo. Naomba kila mmoja aeleze alichofanya kwake kikasaidia. Naanza mimi.

Nyumba niliyopanga ina choo cha shimo. Ukutani mwa shimo kulikuwa na bomba limeelekezwa mtaroni, mdomo umezibwa kwa tambara na jiwe. Mvua kubwa ikipiga usiku, tambara linachomolewa, uchafu wa choo unaondoka na maji. Kutapisha, wote tunakujua. Asubuhi moja nikamkuta mtoto wa jirani anafuata mpira mtaroni, peku, maji yamemfika magotini. Usiku ule nilikuwa nimesikia bomba letu likifunguliwa na nikajigeuza kitandani. Iliniuma sana.

Nikamfuata mwenye nyumba. Hakukataa, alisema tu gari la kunyonya ni ghali kwake peke yake. Wapangaji sita tukakubaliana elfu tano kila mwezi, anatunza mama mmoja tunayemwamini. Kiangazi tukaita gari, bomba tukaliziba kwa saruji. Msingoje masika: shimo linakuwa limeshajaa, kichochoro ni tope, na kila mtu anatafuta gari.

*

*Fundi magari, Temeke*

Mkuu umenigusa. Zamani tulikuwa tunaachia oili chafu chini, mvua inaondoka nayo, maji ya mtaroni yanang'aa rangi rangi. Sasa gari likiingia naweka beseni chini ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, nikimaliza namimina kwenye dumu la lita 20. Wanakuja kununua mafundi wa zege, wanapaka mbao ili zisigandane na zege. Iliyodondoka sakafuni naimwagia unga wa mbao, ikinyonya nafagia. Kuipiga maji ni kuisukumia mtaroni.

*

*Mama wa Kigogo*

Jamani, mimi niko upande wa kupokea. Mto ukijaa unaingia ndani, na maji yakipungua tunabaki kutoa pampasi na chupa chini ya kitanda. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 kwa kweli hiyo imepungua. Pampasi hazijapungua hata kidogo. Na bonde hilihili ndilo linalolimwa mchicha tunaoununua sokoni, unamwagiwa maji ya mto huohuo.

Ninachowaomba nyie wa juu ni kiroba cha taka kisilale chini kusubiri gari. Mimi changu nakining'iniza kwenye msumari, mdomo nimeufunga kwa kamba. Mbwa hafiki, na mvua haikizoi.

*

*Mkazi wa Sinza*

Sisi tulikuwa tunazibua mtaro Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tope tunalirundika ukingoni. Mvua moja tu, lote limerudi. Siku hizi koleo haliingii mtaroni mpaka mwenye mkokoteni awe amefika.

*

*Mjenzi, Goba*

Kwangu ilikuwa mchanga. Tripu nzima ilimwagwa mlangoni kwenye mteremko, usiku mvua ikanyesha, kalavati la jirani likaziba. Nililizibua mwenyewe, nikamwomba radhi. Sasa nazungushia tofali mistari miwili na kufunika turubai siku hiyohiyo mchanga unaposhuka.

*

*Mwanzisha mada*

Asanteni sana. Mama wa Kigogo, pole mno, uchafu wetu wa huku ndio unaokufikia. Fundi, nina pikipiki, oili yake haifiki hata lita moja na sijui pa kuipeleka. Unapokea?

*

*Fundi magari, Temeke*

Lete mkuu, hata nusu lita. Iweke kwenye chupa kavu, isichanganyike na maji, kizibo ukikaze.