Je, 4,294,967,297 ni nambari tasa?

Mzazi wa Kayole:
Habari zenu. Mwanangu wa kidato cha tatu ameniletea mfululizo wa 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa. Ukitoa 1 kutoka kwa yoyote kati yake, ukazidisha inayobaki kwa nafsi yake, kisha ukaongeza 1, unapata inayofuata. Baada ya 65,537 tumefika 4,294,967,297, ambayo inajaza kioo cha kikokotoo chake chote. Kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kidogo tu, na chini ya hapo kuna nambari tasa 6,542 za kujaribiwa. Je, kuna njia fupi, au tusadiki tu kwamba mfululizo unaendelea?

Mwalimu, Umoja:
Msisadiki, mzazi mwenzangu. Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat alisadiki hivyo hivyo mwaka 1640, na ni mwanahisabati Leonhard Euler aliyeonyesha mwaka 1732 kwamba nambari hiyo ni 641 × 6,700,417. Njia fupi ipo: kigawo tasa chochote cha nambari hii lazima kiache baki 1 kikigawanywa kwa 64, kwa hiyo wa kujaribiwa mwanzoni ni 193, 257, 449, 577 na 641 basi. Kanuni hii inatokana na nadharia ya Fermat mwenyewe kuhusu vipeo na nambari tasa, kwa hiyo silaha alikuwa nayo mkononi.

Msomaji wa Lang'ata:
Naongezea kwamba mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas, katika karne ya 19, alionyesha kuwa badala ya 64 tunaweza kutumia 128. Hapo zinabaki 257 na 641 pekee, na 257 inaanguka mara moja, kwani ukizidisha pamoja zile nambari tano za mfululizo wenu unapata 4,294,967,295, yaani pungufu ya nambari yenu kwa 2. Basi kila moja kati ya hizo tano huacha baki 2.

Kwa 641 hata kikokotoo hakihitajiki. Kwa kuwa 641 = 5 × 2⁷ + 1, basi 5 × 2⁷ huacha −1 ikigawanywa kwa 641 (yaani inapungukiwa na 1 tu), na ukiipandisha kwa kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ huacha 1. Lakini 641 ni 5⁴ + 2⁴ vilevile, kwa hiyo mahali pa 5⁴ tunaweza kuweka −2⁴, tukapata kwamba −2³² huacha 1. Maana yake 2³² + 1, ambayo ndiyo nambari yenu, haiachi kitu.

Mzazi wa Kayole:
Asanteni sana, walimu. Kijana aliuliza iwapo 6,700,417 nayo inavunjika. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na kwa kanuni ya 128 tulibaki na 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki yalikuwa 44, 120, 334 na 622, basi hiyo ni tasa.