Mwandishi akijitokeza katikati ya riwaya: ametuheshimu au ametuharibia?

Mleta mada
Wakuu, kuna jambo linanikera, naomba tulijadili. Juzi nilikuwa nasoma riwaya moja, nimefika ukurasa wa tisini na kitu. Mama wa watu anajifungua ndani ya mtumbwi, mvua inapiga, mimi mwenyewe nimebana pumzi. Ghafla mwandishi anaingia: "Msomaji, mwanamke huyu hayupo, nimembuni jana usiku nikinywa chai." Nikakifunga kitabu. Najua nililipa pesa kusoma uongo, lakini sikumwomba anikumbushe. Ni kama uko katikati ya pilau halafu mpishi anatoka jikoni kukuonesha kwato za mbuzi. Msimamo wangu: huku ni kumdharau msomaji, na waandishi wetu mchezo huu wameuokota Ulaya. Nipingeni.

Mwalimu, Morogoro
Pole na mtumbwi, mkuu. Ila hilo la Ulaya nalikataa. Bibi aliposema "Hadithi! Hadithi!" tuliitikia nini? "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Tuliuita uongo kwa jina lake, kwa sauti, kabla sungura hajatoka kichakani. Na bado fisi alipofika tulijibanza mgongoni kwa bibi. Kujua hakukutupunguzia woga hata kidogo.

Nenda na kwenye tenzi. Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, kabla hajamuusia binti yake anamwita asogee: "Ndoo mbee ujilisi, na wino na karatasi," yaani njoo mbele uketi. Unaoneshwa vifaa vya kuandikia kwanza, usia baadaye. Watunzi wengi wa tenzi hufunga kwa kujitaja jina, wengine wanataja mwaka na kukuhesabia beti kabisa. Wazungu nao wanayo ya kwao ya zamani: katika sehemu ya pili ya Don Quijote ya Cervantes, 1615, wahusika wanakutana na watu waliokwisha kuisoma sehemu ya kwanza, ya 1605. Sasa nani kamwibia nani?

Msomaji wa Tanga
Mwalimu, umeruka kitu. "Uongo njoo" anasema nani? Si bibi, ni sisi! Sisi ndio tuliompa ruhusa ya kutudanganya. Tukikaa kimya alikatisha, akauliza, "Mmelala?" Huyu wa mtumbwi anaita mwenyewe, anajiitikia mwenyewe, halafu anajisifu.

Mimi nimekulia kwenye vibanda vya video, benchi moja watu saba, joto la mabati. Sinema ya Kichina au ya Kihindi, na sauti ya mtafsiri juu yake, akina Lufufu, kama Wakenya walivyo na DJ Afro. Mtafsiri hatafsiri tu: anatania, anamzodoa jambazi, anaongeza yake ambayo kwenye filamu hayamo. Benchi zima tunamjibu. Sikuwahi kusikia mtu akidai filamu imeharibiwa. Alikuwa anaongea na sisi, huyu mwandishi anaongea na kioo.

Mchangiaji wa Nairobi
Nikiongeza kidogo. Anayemaliza riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), kwa usiku mmoja akishika Nagona yake (1990) anapotea mapema sana. Msimulizi ni "mimi" asiye na jina, na njia haieleweki inaelekea wapi. Hajitokezi kukwambia amebuni, ila anakunyima kamba ya kushika. Mwaka uliofuata akaleta Mzingile, yaani njia za kupoteza watu, na jina lenyewe linakuonya. Wapo wanaosema alitudharau. Mimi naona alituamini kupita kiasi, na nakiri nilikiacha kitabu mara mbili kabla ya kukimaliza. Kwa mwanafunzi mwenye mtihani Novemba hiyo imani ni mzigo, lakini hilo tuwaulize waliopanga mtihani.

Mwalimu, Morogoro
Ndugu yangu wa Tanga, umenipa silaha mwenyewe. Huyo mtafsiri wako alikuwa kwenye kanda! Hakuwepo kibandani. Benchi zima mlikuwa mnamjibu mtu asiyewasikia, na mlijibu kwa raha zenu. Kitabu kimekosa nini?

Msomaji wa Tanga
Hapo umenibana. Kimekosa benchi.

Mleta mada
Hilo la benchi ndilo nililokuwa nalitafuta, asante. Tukiwa saba, mtafsiri akikatisha tunacheka pamoja na utamu unarudi. Nikiwa peke yangu kitandani na taa ya simu, akikatisha nabaki na nani?

Nimerudi. Jana usiku nimekifungua tena, nione tu alivyojitoa kwenye ile chai yake. Kitabu chenyewe nilikinunua mtumba, kwa wale wanaotandika vitabu chini kando ya barabara. Ukurasa ule ule, pembeni ya maneno yake, kuna mtu kabla yangu ameandika kwa penseli: "Toka hapo tuone mtoto!" Mara ya kwanza sikuyaona kwa hasira. Chini yake mwandiko mwingine, wa kalamu ya bluu: "Ni wa kike. Endelea."

Bado nasema ametukosea adabu. Lakini nimefika ukurasa wa mia na arobaini.